Tepu Kwanza, Mkasi Baadaye: Kushona Mapazia Nyumbani

Mteja anaingia duka la vitambaa Mariakani, anashika kitambaa cha maua ya buluu, anakipapasa, kisha anasema, "Kaka, nikatie mita nne za pazia." Muuzaji anapima, anakata, anakunja. Hakuna aliyeuliza dirisha lina upana gani wala pazia litafika wapi. Wiki moja baadaye pazia limetundikwa, na linaishia nusu mita juu ya sakafu kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla. Kitambaa kilichokwisha kukatwa hakirudishwi dukani.

Mapazia mengi yanayoharibika hayaharibikii kwenye cherehani. Huharibikia dukani, kabla ya mshono wa kwanza, kwa sababu mnunuzi alitoka nyumbani bila vipimo. Kushona kwenyewe ni kazi ya mistari minne iliyonyooka: pande mbili, juu na chini. Pazia halina shingo, halina mikono wala zipu. Mkazi yeyote aliyewahi kupindia sare ya mtoto anaweza kushona pazia, hata kama hana cherehani. Kinachohitaji utulivu ni hesabu, ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye tepu kuliko kwenye sindano.

Kinachopimwa si kioo

Kosa la kwanza ni kupima kioo cha dirisha. Pazia halining'inii kwenye kioo. Linaning'inia kwenye fimbo, bomba au waya. Kwa hivyo fimbo ndiyo hutangulia. Iwekwe sentimita 15 hivi juu ya dirisha, na ipite dirisha kwa sentimita 15 kila upande, ili pazia likifunguliwa lisizibe mwanga na likifungwa lisiache mianya pembeni. Nyumba zenye madirisha ya luva zina jambo la ziada: ule mkono wa kufungulia hutokeza ndani, na fimbo ikikaa karibu mno na ukuta, pazia litanasa hapo kila siku hadi lichanike. Vishikio vya fimbo viwe virefu kuliko huo mkono.

Katika nyumba nyingi za Pwani, ukuta wa mawe ya matumbawe humomonyoka msumari unapogongwa, na baada ya mwezi fimbo inaanguka pamoja na pazia. Ni afadhali kutoboa kwa keekee, kutia plastiki ya kushikia skrubu, kisha kukaza skrubu. Fundi wa mtaani huifanya kazi hiyo kwa dakika chache, na katika shughuli nzima ya mapazia hapo ndipo pesa ya fundi inapolipwa kwa haki.

Tepu nyingi za cherehani zina sentimita 150 upande mmoja na inchi 60 upande wa pili. Mshonaji achague upande mmoja asiuache, kwani inchi moja ni sentimita 2.54 na anayeandika 60 bila kusema ni 60 za nini atajuta. Tepu ya kitambaa iliyozeeka pia huvutika. Ilinganishwe na rula ya mwanafunzi kabla ya kuaminiwa. Kwa urefu wa kutoka fimbo hadi sakafu, tepu ya chuma ya mwashi ni bora zaidi.

Chukua dirisha la upana wa sentimita 120 na urefu wa sentimita 120, ambalo sehemu yake ya chini iko sentimita 90 kutoka sakafuni. Fimbo ikipita sentimita 15 kila upande inakuwa na urefu wa sentimita 150. Ili pazia liwe na mikunjo, upana wa kitambaa unapaswa kuwa mara mbili ya fimbo, yaani sentimita 300 hivi. Kitambaa cha upana wa sentimita 150 kinatosha vizuri: kipande kimoja kushoto, kimoja kulia. Kila kipande kitapoteza sentimita 3 kila upande kwa pindo na kubaki 144, na viwili pamoja vitakuwa 288. Hiyo inakaribia sana mara mbili, wala hakuna haja ya kuunganisha vipande.

Urefu sasa. Kutoka fimbo hadi sakafu ni 15 na 120 na 90, jumla 225. Ondoa 2 ili pazia lisifagie vumbi: 223. Ongeza pindo la chini la sentimita 12. Juu, mfuko wa kupitisha fimbo hutegemea unene wa fimbo yenyewe. Fimbo ya kipenyo cha sentimita 2.5 ina mzunguko wa karibu sentimita 8, hivyo mfuko uliolazwa bapa unahitaji angalau 4, na 1 ya nafasi ili fimbo isikwame, jumla 5. Ongeza 1.5 ya kukunja ndani: 6.5. Hivyo kila kipande kinahitaji sentimita 241.5.

Lakini kitambaa cha pamba hupungua kikifuliwa, na si ajabu kupoteza sentimita 3 hadi 5 katika kila mita. Ili kubaki na 241.5 baada ya kufua, kila kipande kinunuliwe kikiwa na sentimita 255. Vipande viwili ni 510, yaani mita 5 na sentimita 10.

Yule mteja wa mita nne alipata vipande viwili vya mita mbili mbili. Maji yalichukua sentimita 10 kwa kila kipande, pindo na mfuko vikachukua 18.5, akabaki na pazia la sentimita 171.5. Dirisha lake lilihitaji 223. Kama mita ilikuwa shilingi 300, alitumia shilingi 1,200 kununua pazia lisilofaa, ilhali shilingi 330 zaidi zingempa linalofika chini.

Maua na upana

Kitambaa chenye maua makubwa kina gharama iliyojificha. Ua likijirudia kila baada ya sentimita 60, vipande viwili haviwezi kukatwa kimoja baada ya kingine bila kujali, kwa sababu ua la kushoto litakuwa juu na la kulia kiunoni. Kipande cha pili hakianzi pale cha kwanza kilipoishia, kwenye 255, bali pale mchoro unapoanza upya, kwenye 300. Sentimita 45 zimekaa bure na ununuzi umepanda hadi 555. Anayebana bajeti achague kitambaa kisicho na maua, chenye mistari ya wima, au chenye vimaua vidogo vilivyotapakaa.

Upana nao uulizwe kabla ya bei. Vitambaa vya nguo mara nyingi huwa na upana wa sentimita 112 hadi 115, na mapazia mawili ya upana huo yataziba dirisha la mfano wetu lakini yatakaa yamenyooka kama shuka iliyoanikwa. Vingine vina 150. Vile vya upana wa sentimita 280, hasa shia, hugeuzwa: upana wa kitambaa unakuwa urefu wa pazia, na mnunuzi hulipia upana tu. Shia huhitaji mikunjo mingi, mara mbili na nusu ya fimbo. Kwa fimbo ya 150 hiyo ni 375, na ukiongeza 12 za pindo za pembeni unapata 387. Mita 3 na sentimita 90 zinatosha.

Mkazi aende dukani na karatasi yenye namba mbili: urefu wa fimbo na urefu wa pazia likikamilika. Akimpa muuzaji karatasi hiyo badala ya kutaja mita, mazungumzo yanabadilika. Muuzaji mzuri atauliza, "Dada, unataka mikunjo mingi au kiasi?" Asiyeuliza chochote naye amejieleza.

Kupimiwa kwa haki ni jambo la sheria. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, inataka vipimo vinavyotumika katika biashara vikaguliwe na kupigwa muhuri, na usimamizi wa biashara ya haki ni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Mnunuzi ana haki ya kuomba kuona muhuri kwenye rula ya duka. Aangalie pia kama kitambaa kimelazwa mezani au kinavutwa kwa mikono miwili. Kitambaa kinachovutwa wakati wa kupimwa hurudi kikifika nyumbani.

Pamba au polista?

Wauzaji huviita vitambaa kwa majina mengi ya biashara, lakini mshonaji anahitaji kujua jambo moja tu: ni pamba au ni polista? Jaribio lake ni rahisi. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo, nje ya nyumba, uzichome. Pamba huwaka ikinuka kama karatasi na kuacha jivu laini. Polista huyeyuka, hujikunja na kuacha kitone kigumu cheusi. Zikionyesha dalili zote mbili, ni mchanganyiko.

Kila kimoja kina mahali pake. Polista haipungui kwa kufuliwa, hukauka haraka na haihitaji pasi sana. Pamba hupumua na hushoneka kwa urahisi kwa sababu haitelezi, lakini jua huipausha na kuidhoofisha. Dirisha linalotazama magharibi, lile linalopigwa na jua la alasiri, litamaliza pazia la pamba la rangi kali mapema. Dawa ni bitana. Shuka nyeupe iliyochakaa katikati, ikikatwa pande zake nzima na kushonwa nyuma ya pazia, hubeba jua na kuacha kitambaa cha bei kikiwa salama.

Mitumba isidharauliwe. Shuka pana za Kongowea hufaa sana kwa madirisha mafupi, mradi ziinuliwe kwenye mwanga kabla ya kulipwa, kwani sehemu iliyolaliwa miaka mingi huwa nyembamba kama utando. Leso pia ni pazia zuri la dirisha dogo. Ila leso ina pindo pande zote nne na maneno yake yamelala kwa upana, hivyo ikitundikwa kwa urefu maneno yatasimama wima na mgeni atalazimika kuinamisha kichwa kuyasoma. Anayependa maneno yake yasomeke atundike kwa upana na kukubali pazia fupi.

Kuna kitambaa kimoja kisichofaa kabisa, na kinaonekana kwenye madirisha mengi: chandarua chenye dawa. Chandarua kinachogawiwa bure si shia. Kazi yake ni kumfunika mtu aliyelala, na kikikatwa kuwa pazia hakuna anayelindwa kitandani. Kilifi ina sababu ya pekee ya kulijua hili. Utafiti uliofanywa katika eneo hili na kuchapishwa mwaka wa 1996 ulionyesha kuwa vyandarua vyenye dawa vilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa takriban thuluthi moja. Nyumba yenye mtoto mdogo na chandarua kimoja tu ina mahali pamoja tu pa kukitundika.

Mkasi na sindano

Kitambaa cha pamba kifuliwe chote kabla ya kukatwa, kikaushwe kivulini, kisha kipigwe pasi. Kazi hii inachosha na wengi huiruka. Anayeiruka hushona pazia linalofika sakafuni Jumatatu na kulitundika fupi baada ya kulifua Jumamosi.

Kukata kunyooka si suala la macho. Kwenye pamba, mshonaji akate mkato mdogo ukingoni, ashike uzi mmoja wa upana na kuuvuta taratibu. Uzi ukitoka utaacha mstari mwembamba ulionyooka kabisa, na mkasi uufuate. Polista haivutiki hivyo. Ilazwe sakafuni, ukingo wake ulinganishwe na mstari wa vigae au ubao ulionyooka, kisha ichorwe kwa chaki. Kila kipande kiandikwe "juu" kwa chaki upande wa nyuma mara tu kinapokatwa. Kuna vitambaa vinavyong'aa tofauti vikigeuzwa juu chini, na tofauti hiyo huonekana pazia likiwa tayari limetundikwa.

Ukingo wa kiwandani, ule mgumu wa pembeni, huwashawishi wengi kuuacha kama ulivyo kwa kuwa haufumuki. Lakini hupungua tofauti na kitambaa kingine na kulivuta pazia upande. Ukatwe mikato midogo kila baada ya sentimita 10 hivi, au ufichwe ndani ya pindo baada ya kukatwa hivyo.

Pande ndizo hutangulia: sentimita 1.5 ndani, kisha 1.5 tena, pasi juu yake, halafu mshono. Pasi, hata ya makaa, ni nusu ya ushonaji. Pindo lililopigwa pasi hukaa lenyewe chini ya sindano, lisilopigwa hutembea. Kwenye cherehani, sindano namba 14 inafaa vitambaa vya kawaida, namba 11 shia, na namba 16 vitambaa vizito. Hatua ya mshono iwe milimita 3. Mshono mdogo kuliko huo huukunja ukingo, na kuufumua ukikosewa ni adhabu. Mshonaji ajaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki: uzi wa chini ukionekana juu, uzi wa juu umekazwa mno, uzi wa juu ukionekana chini, umelegea. Shia inayoteleza itulizwe kwa ukanda wa karatasi nyembamba isiyo na wino, ushonwe pamoja nayo, kisha karatasi ichanwe taratibu.

Baada ya pande ni juu. Sentimita 1.5 zikunjwe, kisha 5, na mshono upite karibu na ukingo wa chini wa mkunjo, mwanzo na mwisho ukirudiwa mara mbili kwa kuwa hapo ndipo uzito wote hushika. Ncha za mfuko ziachwe wazi. Inaonekana ni jambo la wazi, lakini wapo walioziba ncha na kukumbuka fimbo baadaye.

Wanaopenda ringi badala ya mfuko wahesabu ringi za namba shufwa, 8 au 10, ili ncha zote mbili za pazia zielekee ukutani. Kipande cha sentimita 144 huchukua ringi 10, ya kwanza na ya mwisho zikiwa sentimita 4 kutoka ukingoni na nyingine zikiachana kwa sentimita 15 hivi. Karibu na bahari ringi za chuma hushika kutu na kutu hiyo hutia doa kitambaa. Za plastiki hudumu zaidi.

Pindo la chini lisishonwe siku hiyo. Pazia litundikwe likiwa na pini tu na lilale hapo usiku mmoja. Kitambaa kizito hushuka kidogo, na sakafu za nyumba zetu si zote zilizo sawa: kona moja inaweza kuwa chini kuliko nyingine kwa sentimita mbili. Asubuhi mshonaji apime upya kutoka sakafuni, akunje 2 kisha 10, ashone.

Asiye na cherehani atumie mshono wa kurudi nyuma kwenye mfuko wa fimbo: sindano inatoka mbele, inarudi nyuma nusu hatua, inatoka mbele tena. Una nguvu zinazokaribia za cherehani. Pande na chini zinatosha kupindiwa kwa mkono kwa mishono midogo. Uzi usizidi urefu wa mkono mmoja, vinginevyo utajifunga mafundo kila dakika. Dirisha moja huchukua jioni mbili au tatu.

Pazia la chumba kimoja

Kwa familia nyingi za Mtwapa, Mariakani na Malindi, pazia muhimu kuliko yote haliko dirishani. Liko katikati ya chumba cha futi kumi kwa kumi. Upande mmoja ni kitanda cha wazazi, upande wa pili ni godoro la watoto, meza na jiko. Binti anayefikia umri wa kubaleghe anabadilisha nguo nyuma ya kitambaa hicho, na mwanafunzi anasoma karibu nacho usiku wengine wakiwa wamelala. Pazia hili hushonwa kwa haraka kuliko yote, mara nyingi kwa shuka mbili zilizofungwa kwa kamba, ilhali ndilo linalostahili kufikiriwa.

Futi kumi ni sentimita 305. Waya wa urefu huo hubonyea katikati, hivyo lazima kuwe na kishikio cha tatu kwenye boriti ya katikati, na pazia liwe la vipande viwili vinavyokutana hapo. Mikunjo mingi haihitajiki. Takriban mara moja na nusu inatosha. Kwa kitambaa cha upana wa 150, vinakatwa vipande vitatu, na cha tatu kinapasuliwa katikati kwa urefu ili kila upande upate kipande kimoja na nusu. Waya ukikaa sentimita 200 kutoka chini, pazia liwe 198. Ukiongeza 18.5 za juu na chini na kukadiria kupungua, kila kipande kinunuliwe sentimita 228, jumla mita 6 na sentimita 84. Nafasi inayobaki juu ya waya isizibwe, kwani ndiyo inayopitisha hewa kufikia upande usio na dirisha.

Pazia hili linaonekana pande zote mbili, kwa hivyo kiungo chake kisiwe na nyuzi zinazoning'inia. Vipande viwekwe mgongo kwa mgongo, vishonwe nusu sentimita kutoka ukingoni, vigeuzwe, vishonwe tena sentimita moja ndani. Nyuzi zote zinafungiwa katikati na pande zote mbili zinakuwa safi.

Kabla ya kununua, kitambaa kijaribiwe dukani kwa taa ya simu. Mtu aweke mkono wake kati ya taa na kitambaa, na mwenzake asimame upande wa pili. Akiona vidole, kitambaa hicho kitaonyesha umbo zima la mtu usiku taa ikiwaka upande mmoja. Rangi nyeusi si hakikisho. Kuna vitambaa vyeusi vinavyopitisha mwanga kuliko vyeupe vizito. Kama kinachofaa ni ghali, kitambaa cha bei nafuu chenye bitana kinaweza kufanya kazi hiyo.

Moto

Kwenye chumba kimoja pazia na jiko ni majirani. Kitambaa kikae angalau mita moja kutoka jiko, koroboi au mshumaa, na waya upangwe hivyo tangu mwanzo kuliko kutegemea kufunga pazia kila wakati wa kupika. Mtungi wa gesi usifichwe nyuma ya pazia. Pamba huwaka kwa mwali, na polista huyeyuka, hudondoka na kunata kwenye ngozi. Aliyeungua apoozwe kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno na mafuta visipakwe, na kitambaa kilichonata kisibanduliwe nyumbani.

Pazia la mlango nalo liishie sentimita 5 juu ya sakafu ili mtoto au mzee asilikanyage, na lisizibe njia ya kutokea usiku. Kamba za kufungia mapazia zisining'inie karibu na kitanda cha mtoto.

Pa kujifunza

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka vyuo vya ufundi vya vijiji na vituo vya ufundi wa nyumbani chini ya serikali za kaunti. Mkazi anayetaka kupita hatua ya pazia la kwake anaweza kuuliza katika ofisi ya msimamizi wa wadi chuo cha ufundi kilicho karibu na kama kinafundisha ushonaji. Aliyekwisha kujua kazi bila cheti anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia Daraja la 3. Cheti kina maana kwa sababu sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na mapazia ya wodi na madarasa ya chekechea ni miongoni mwa vitu ambavyo taasisi za umma hununua. Anayeshonea majirani aandike kwenye daftari vipimo vya kila dirisha alilowahi kupima. Mteja huyohuyo atarudi kwa dirisha la pili, na nyumba za kupanga za jengo moja kwa kawaida huwa na madirisha yanayolingana.

Zile sentimita 45 zilizokaa bure kati ya maua zisitupwe. Zinatosha foronya moja ya mto mdogo wa kochi na vifungo viwili vya kushikilia mapazia yanapofunguliwa asubuhi.